Barua ya wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo: utani wetu unahitaji futikamba

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo,

YAH: UWANJA, RATIBA NA KUMBUKUMBU ZA MASHINDANO YETU NA WATANI

Shikamoo Profesa. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni manahodha wa sasa, manahodha waliomaliza na makocha wa kujitolea wa timu za riadha, netiboli, mpira wa miguu, kikapu na wavu za chuo unachokiongoza. Tumeandika barua tatu kupitia Ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi. Ya kwanza ilipigwa muhuri wa kupokelewa. Ya pili ilijibiwa kwa mdomo, kwamba "linafanyiwa kazi". Ya tatu haijajibiwa hadi leo, na ndiyo imetufikisha hapa. Jina la chuo hatulitaji, wala la watani wetu, chuo cha ng'ambo ya bonde. Anayehusika atajijua, na hatuna sababu ya kumfurahisha mtani kwa aibu ya nyumbani.

Watani wanavumilia mengi: vijembe, nyimbo, hata jeneza la maboksi lililopakwa rangi za jezi zao. Wasichoweza kuvumilia, na sisi pia hatuwezi, ni kushindwa kwa kipimo kisichoaminika. Mtu akimwambia mtani "tumewaacha mita kumi", hizo kumi ziwe zimepimwa. Zisipopimwa, utani unageuka ubishi, na ubishi wa wanafunzi elfu moja jukwaani huishia kwenye mawe. Hoja zetu zote zimesimama hapo.

1. Uwanja wa riadha haujui urefu wake

Kila mwaka mahema ya mahafali hufungwa uwanjani. Malori ya viti hupita kwenye kona ya kusini, na ili yapite, kingo ya mbao iliyozunguka ndani ya njia ya kwanza iling'olewa. Haijarudi. Baada ya hapo fundi rangi akafuata mstari wa zamani kwa brashi, akaondoka, na kazi ikahesabiwa imekamilika.

Hesabu ni hii. Uwanja wa kawaida wa mita 400 una sehemu mbili zilizonyooka, kila moja mita 84.39, na kona mbili za nusu duara zenye nusu kipenyo cha mita 36.50 hadi kwenye kingo. Kingo ikiwa imeinuka, mkimbiaji hujitenga nayo kidogo asijikwae, kwa hiyo njia ya kwanza hupimwa sentimita 30 kutoka hapo. Kona mbili hutoa mita 231.22, nyoofu mbili 168.78, jumla 400. Kingo ikiondoka ukabaki mstari wa rangi peke yake, kipimo huchukuliwa sentimita 20 tu kutoka mstarini, kwa kuwa hakuna cha kumzuia mtu kuusogelea. Mzunguko unakuwa mita 399.37. Sentimita 63 zimeyeyuka. Katika mzunguko mmoja ni hatua isiyotimia, lakini mita 10,000 ni mizunguko 25, na hapo pungufu inafika karibu mita 16. Mshangiliaji wetu akitangaza rekodi ya chuo kwenye uwanja huo, mtani anayejua hesabu anacheka, na ana haki ya kucheka.

Kosa la pili ni la alama za kuanzia mita 400. Wa njia ya pili huanza mita 7.04 mbele ya wa kwanza. Kuanzia njia ya tatu nyongeza si 7.04 tena, ni takriban 7.67 kwa kila njia, kwa sababu ni njia ya kwanza pekee inayopimwa kwa zile sentimita 30, nyingine zote ni 20. Wa nane anafika mita 53.03 mbele. Fundi wetu alichukua 7.04 akairudia mara saba, akapata 49.28. Maana yake, hata kama kingo ingekuwepo, mkimbiaji wa njia ya nane kwetu anakimbia mita 3.75 zaidi ya mwenzake wa njia ya kwanza. Wageni wakipangwa njia ya nane wanadhani tumewafanyia hila. Hakukuwa na hila. Kulikuwa na mtu aliyepewa ndoo ya rangi bila karatasi ya vipimo.

Kosa la tatu liko kwenye mbio za kijiti za 4 kwa 100. Tangu mwishoni mwa 2017 eneo la kukabidhiana ni mita 30. Alama zetu bado ni za zamani: mita 20 za kukabidhiana na zile 10 za kuchukua kasi zikiwa kando. Katika mashindano yaliyopita hapa nyumbani mwamuzi mmoja alisimamia kanuni mpya na mwingine alisimamia rangi iliyo chini. Timu moja ikaondolewa, kisha ikarudishwa, na jukwaa likasimama.

Turekebisheje? Uwanja wetu ni wa changarawe, hauhitaji mkandarasi wa kigeni. Zinahitajika nguzo mbili za bomba zilizozamishwa kwenye zege, mita 84.39 kati yake, ziwe vituo vya kudumu vya kona zote mbili. Futikamba iwe ya chuma, kwa sababu ya plastiki hunyooka ikivutwa na kila anayeivuta anapata jibu lake. Udongo ukwanguliwe sentimita chache, umwagiwe maji, ushindiliwe kwa rola ukiwa na unyevu. Mwinamo kuelekea ndani usizidi 1 kwa 100, vinginevyo maji yatakimbilia njia ya kwanza na kuichimba. Mistari ichorwe kwa rangi ya maji au chokaa iliyozimwa. Ile oili chafu ya magari inayotumika sasa iachwe: inaua nyasi, na mtu akianguka juu yake ngozi inawasha wiki nzima. Chokaa mbichi nayo ni mbaya zaidi, macho yakiingiwa yanaungua. Kitivo cha Uhandisi kina wanafunzi wa upimaji ardhi wenye vifaa vyao, na kila mwaka wanatafuta kazi ya vitendo. Hawajawahi kuombwa.

Mahema tunaelewa. Tunachoomba ni mahema yakae katikati kwenye nyasi, malori yapite lango la kaskazini ambako hakuna kona, na mashimo ya vigingi yajazwe siku ileile. Shimo la kigingi lililofunikwa na majani ndilo huvunja kifundo cha mguu cha beki wa kushoto.

2. Saa

Septemba 2025 kule Tokyo, Alphonce Simbu na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda mmoja kwenye marathoni ya dunia, saa 2:09:48. Dhahabu ilikuja Tanzania kwa sekunde 0.03, iliyosomwa kwenye picha ya mstari wa kumalizia. Kilomita 42, na kilichoamua ni pungufu ya kupepesa jicho. Sisi tunaamua mita 100 kwa simu ya mtu aliyekaa jukwaani karibu na muuza juisi.

Hatuombi mitambo ya picha. Tunaomba utaratibu wa saa za mkono ufuatwe. Mshindi apimwe na watu watatu, kila mmoja na saa yake, bila kuchunguliana. Wawili wakilingana, huo ndio muda. Wakitofautiana wote, unachukuliwa wa katikati. Saa zikiwa mbili tu, unachukuliwa muda mrefu zaidi. Sekunde hupandishwa hadi sehemu ya kumi inayofuata, kwa hiyo 10.81 inaandikwa 10.9, hata iume. Wapimaji wakae kwenye ngazi, sambamba na mstari wa kumalizia, na wabonyeze wakiona moshi wa bastola au vibao vikikutana. Anayesubiri mlio anamzawadia mkimbiaji karibu sekunde 0.3, kwa kuwa sauti nayo inakimbia hizo mita 100. Filimbi basi ipigwe marufuku kuanzishia mbio, kwa sababu haionekani.

3. Ratiba

Mashindano yalikuwa ya siku nne, Alhamisi hadi Jumapili, katikati ya muhula wa pili. Sasa yamebanwa kwenye Jumamosi moja, wiki moja kabla ya UE, yaani mitihani ya mwisho wa muhula. Matokeo yake mita 5,000 zinakimbiwa saa 7 mchana kwenye jua la utosini, na binti anayekimbia mchujo wa 400 saa 3 anaitwa fainali saa 4, kisha anapewa kijiti cha 4 kwa 400 kabla hajapata hata maji ya pili. Kanuni za riadha zinataka angalau dakika 45 kati ya raundi kwa mbio za hadi mita 200, na dakika 90 kwa zinazozidi hapo hadi mita 1,000. Hicho ni kima cha chini kabisa. Msuli wa nyuma ya paja hauombi ruhusa ya ofisi, unakatika tu.

Turudishiwe siku mbili kamili, wiki ya sita au ya saba ya muhula. Mbio ndefu zianze saa 1 asubuhi. Mkuki na kisahani virushwe wakati hakuna timu inayopasha misuli katikati ya uwanja. Mkuki wa wanaume una gramu 800 na haumjui mtani wala mwenyeji. Na 4 kwa 400 ibaki ya mwisho kabisa, kama ilivyokuwa siku zote, kwa sababu ndiyo inayoamua nani analala na kile kijiti cha mninga, tuzo tunayokabidhiana na watani.

4. Mamluki

Hapa tunajisema na wenyewe. Pande zote mbili zimewahi kuingiza wachezaji wa klabu za mtaani wenye vitambulisho vilivyochapishwa juzi. Mshambuliaji anaonekana chuoni siku ya mechi tu, hajui hata bwalo liko upande gani. Akifunga mabao mawili, jukwaa linaimba, na mwanafunzi aliyefanya mazoezi muhula mzima anakaa benchi na jezi kavu.

Dawa yake haina gharama. Orodha za wachezaji zifungwe siku 14 kabla. Zipelekwe kwa Msajili, kila jina lilinganishwe na namba ya usajili na orodha ya waliosajiliwa masomo ya muhula huo, kisha vyuo vibadilishane nakala zilizogongwa muhuri. Siku ya mechi kitambulisho kikaguliwe uso kwa uso mbele ya nahodha wa upande wa pili. Michezo ya TUSA, chama cha michezo cha vyuo vikuu vya Tanzania, na ile ya vyuo vikuu vya Afrika Mashariki inataka wachezaji wawe wanafunzi kwelikweli. Anayezoea ujanja nyumbani ataumbuka ugenini, na chuo kitaumbuka naye.

5. Netiboli, na wanawake kwa jumla

Uwanja wa netiboli una mita 30.5 kwa 15.25 na magoli ya kimo cha mita 3.05. Letu la mashariki lina 3.05. La magharibi lina 2.97, kwa sababu liling'olewa kupisha hema la wageni waalikwa na kuzikwa upya kwenye shimo la kina zaidi. Sentimita nane. Mfungaji anayezoea goli hilo, akienda kwa watani mipira yake inagonga ukingo wa mbele wa pete na kurudi, na watu wanasema binti ana woga wa ugenini.

Sakafu ni saruji iliyopasuka, na mchanga wa mvua umeingia kwenye nyufa na kuenea juu. Katika netiboli mchezaji akidaka mpira hewani lazima asimame pale alipotua. Goti ndilo linalolipa breki hiyo. Juu ya saruji yenye mchanga, mguu unateleza sentimita mbili kisha unakwama, na hapo ndipo mishipa ya goti inapochanika. Fagio gumu na lita kadhaa za maji kabla ya kila mazoezi vinapunguza hatari. Nyufa zizibwe kwa saruji na mchanga laini, zisuguliwe zilingane.

Chumba cha kubadilishia nguo cha wanawake kimejaa viti vya mahafali tangu mwaka juzi. Wachezaji wanabadilisha kwa kuzungushiana khanga nyuma ya choo. Hili Profesa hatulielezi zaidi.

Sanduku la huduma ya kwanza tulilifungua. Lina chupa ya dawa ya kupuliza iliyopita muda, pamba, na mkasi. Linatakiwa liwe na bandeji za kubana za upana tofauti, vibao vya kufungia mfupa uliovunjika, glovu, maji safi ya kuoshea vidonda, na kando yake barafu kwenye kasha. Pia namba ya dereva wa gari la zahanati, ambaye siku ya mechi awe uwanjani, si nyumbani akisubiri kupigiwa.

6. Mchakamchaka na nyimbo

Alfajiri ya siku ya watani, mchakamchaka hutoka mabwenini hadi uwanjani, na mwaka uliopita ulizuiwa getini kwa sababu ya "matusi". Tuseme ukweli, zipo nyimbo zilizovuka mpaka, hasa zinazowalenga mabinti wa upande wa pili kwa maumbile yao na wachezaji kwa makabila yao. Hizo tumeziondoa wenyewe, na viongozi wa nyimbo watawajibika kwa majina. Lakini kufuta mchakamchaka wote kwa ajili ya nyimbo tatu ni kuchoma nyumba kwa hasira ya panya. Anayeimba akikimbia kilomita nne hana pumzi ya kurusha mawe.

7. Kumbukumbu

Ubao wa rekodi ulioning'inia bwaloni uliteremshwa wakati wa kupaka rangi. Sasa umeegemezwa ukuta wa stoo, uso ukitazama ukuta, nyuma ya madawati mabovu. Herufi za safu ya mita 800 zimelika na mchwa. Kijiti cha mninga, ambacho mshindi wa 4 kwa 400 hukichonga alama moja kila mwaka, kimefungiwa kabatini na hakuna anayejua funguo anazo nani. Kwa asiyekifahamu: si kijiti cha kukimbilia, ni kizito mno. Cha mbio ni bomba jepesi la sentimita 28 hadi 30. Hiki ni cha kukabidhiana mbele ya jukwaa, aliyeshindwa akimpa aliyeshinda kwa mikono miwili.

Suleiman Nyambui, aliyerudi na fedha ya mita 5,000 kutoka Moscow 1980, alikuwa wakati huo mkimbiaji wa chuo kikuu kule El Paso, Texas. Ushindi wake wa vyuo unasomeka hadi leo kwa sababu kuna karani aliyeuandika. Kwetu bingwa wa miaka mitano iliyopita hana hata mstari mmoja. Kila rekodi iandikwe kwa jina, tarehe, mahali, muda, aina ya saa, na saini ya mwamuzi mkuu. Mita 100, 200 na kuruka chini ziandikiwe pia kasi ya upepo, kwani ukizidi mita 2.0 kwa sekunde mgongoni rekodi haihesabiki, na pasipokuwa na kipima upepo iandikwe hivyo wazi.

Majibu tunayoyatarajia

Tutaambiwa hakuna bajeti. Kila mwanafunzi analipa ada ya michezo mwanzoni mwa mwaka, na stakabadhi zinasema hivyo. Tuonyeshwe mchanganuo: kiasi gani kilikusanywa, kiasi gani kilikwenda kwenye vifaa, na kiasi gani kwenye posho za msafara. Tumesafiri ugenini tukiwa na viongozi wengi kuliko wachezaji wa akiba. Isitoshe, nusu ya tunayoomba ni futikamba, kamba, fagio na karatasi.

Tutaambiwa mmekuja kusoma, vipimo vya kimataifa vya nini? Oxford nao walikuwa wamekuja kusoma. Uwanja wao wa Iffley Road ulikuwa na mabonde, na maili moja ilikuwa mizunguko mitatu. Roger Bannister, mwanafunzi wa udaktari aliyekuwa akiongoza klabu ya riadha ya chuo, alishikilia ujengwe upya kwa kipimo cha kawaida cha yadi 440. Tarehe 6 Mei 1954 alikimbia hapohapo maili kwa dakika 3:59.4, kwenye mashindano dhidi ya timu ya chuo chake cha zamani. Angekimbia kwenye ule wa zamani, nani angeamini?

Tutaambiwa usalama. Vurugu za mwaka uliopita zilianzia kwenye alama za kijiti na kwenye mshambuliaji mmoja asiyekuwa mwanafunzi. Askari wa ziada watasimamia matokeo, chanzo kitabaki palepale.

Tunachoomba

(a) Ndani ya siku 30, kingo irudishwe na uwanja upimwe upya, na cheti cha vipimo kibandikwe ofisi ya michezo.

(b) Magoli ya netiboli yasawazishwe na chumba cha wanawake kiondolewe viti kabla ya mazoezi ya muhula ujao. Hili ni la wiki moja, si la kamati.

(c) Tarehe ya mashindano iingizwe kwenye kalenda ya chuo, siku mbili, mbali na UE, na isihamishwe bila makubaliano ya maandishi ya vyuo vyote viwili.

(d) Utaratibu wa orodha za wachezaji usainiwe na Wasajili wa pande zote mbili.

(e) Mchanganuo wa ada ya michezo ya mwaka huu ubandikwe hadharani.

(f) Ubao urudi bwaloni. Kijiti kikabidhiwe kwa timu iliyokishinda, ambayo, kwa uchungu tunakiri, ni ya watani.

Tuko tayari kukutana nawe siku yoyote ya kazi baada ya saa 10 jioni, uwanjani kwenye kona ya kusini. Futikamba tutakuja nayo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Manahodha na makocha wa timu za chuo
(majina na saini vimeambatishwa kwenye nakala iliyowasilishwa ofisini)

Nakala: Mwenyekiti wa Baraza la Chuo; Mshauri wa Wanafunzi; Mkurugenzi wa Miliki; Rais wa Serikali ya Wanafunzi; Manahodha wa watani, kwa taarifa tu.